Zamani Kapu la Uzi Lilikuwa Tupu

Mwezi Januari 1872, wakili William Guthrie aliketi Lerwick, mji mkuu wa visiwa vya Shetland kaskazini mwa Uskoti, akaanza kuwahoji watu kwa kiapo. Serikali ya Uingereza ilikuwa imempa kazi ya kuchunguza jinsi wenyeji wa visiwa hivyo walivyokuwa wakilipwa ujira wao. Wavuvi walikuja, wenye maduka wakaja, na wakaja pia wanawake waliokuwa wakifuma shali na soksi kwa sindano. Guthrie alitaka kujua kila mmoja amefuma nini, amempelekea nani na amepata nini. Majibu yalijaza kurasa nyingi za ripoti, na hadi leo yanasomeka kama hati ya mashtaka. Walilipwa chai. Walilipwa kitambaa cha pamba. Asiyetaka kitu siku hiyo alipewa kikaratasi cha kurudi nacho duka lile lile siku nyingine. Fedha taslimu ilikuwa ya kuombwa, na aghalabu mwombaji aliondoka bila hiyo.

Katika ushahidi huo kuna jambo moja ambalo mfumaji wa leo angelisoma mara mbili. Uzi wa sufu ulihesabiwa kuwa bidhaa ya fedha. Mwanamke aliyepeleka shali aliweza kutoka na majani ya chai au kipande cha gauni, lakini akiomba alipwe kwa uzi ili akaanze shali nyingine, alielezwa kwamba uzi hautolewi kwa mabadilishano. Hesabu ya mwenye duka haikuwa ngumu kuisoma. Mwanamke mwenye uzi wake angefuma kwa wakati wake na kuuza anakotaka. Asiye nao alibaki kufuma uzi wa tajiri, kwa mtindo wa tajiri, kwa bei ya tajiri.

Shida ya wafumaji wengi wa Ulaya na Marekani siku hizi ni kinyume cha hiyo. Nyumbani kuna uzi wa kujaza kabati, chini ya kitanda kuna mwingine, na kwenye kapu kumelala sweta lisilo na mikono, la pili lililokwama kwenye ukosi, la tatu ambalo mwenyewe hakumbuki alifika wapi. Mfumaji anajiwekea nadhiri: hanunui tena mpaka amalize yaliyopo. Kisha anapita mbele ya duka. Wenzake humcheka na kumwelewa, kwa kuwa wote wana nadhiri kama hiyo. Ni mapambano ya kweli, wala si ya kudharauliwa, ila historia yake ni fupi mno. Kwa sehemu kubwa ya maisha ya ufundi huu, mikono ilikuwa mingi na uzi ndio uliokuwa haba.

Ufundi wenyewe haukuanzia Ulaya. Vipande vya zamani zaidi vinavyojulikana vya ufumaji wa sindano mbili au zaidi vimetoka Misri ya Kiislamu, hasa Fustat, mji uliotangulia Kairo. Ni soksi na mabaki ya soksi za pamba, nyeupe na buluu ya nili, za kati ya karne ya 11 na ya 14, na baadhi ya michoro yake inafuata umbo la herufi za Kiarabu. Kutoka ulimwengu huo ufundi uliingia Hispania. Katika kaburi la mwanamfalme Fernando de la Cerda, aliyefariki 1275 na kuzikwa katika monasteri ya Las Huelgas mjini Burgos, palikutwa mto wa hariri uliofumwa kwa vitanzi vidogo sana, na juu yake limefumwa neno la Kiarabu, baraka. Mwanamfalme Mkristo alilazwa juu ya kazi ambayo huenda ilitoka mikononi mwa fundi Mwislamu.

Uingereza iliupokea ufumaji kama kazi ya kuwapa watu riziki, na sheria ikaingia kuilinda. Sheria ya mwaka 1571 iliwataka watu wote wenye umri wa zaidi ya miaka sita, isipokuwa watu wa vyeo, wavae kofia ya sufu iliyofumwa nchini kila Jumapili na sikukuu, vinginevyo watozwe faini. Ilifutwa 1597. Katikati ya miaka hiyo, 1589, William Lee wa Calverton, karibu na Nottingham, alibuni mashine ya kufuma soksi. Ndiyo iliyozaa viwanda vya baadaye, lakini haikufika kila mahali. Visiwani, milimani na kwenye vijiji vya wavuvi, sindano ziliendelea kutawala kwa miaka mia tatu zaidi.

Shetland ni mahali pazuri pa kuona kwa nini. Ardhi yake haina rutuba nyingi, upepo haukomi, na wanaume walikuwa baharini: uvuvi, merikebu za nyangumi, ubaharia. Julai 1881 dhoruba moja iliwapiga wavuvi wa Gloup, kisiwani Yell, na watu 58 wakazama. Walioachwa wajane walikuwa na shamba dogo, ng'ombe mmoja au wawili, na sindano. Wanawake walikuwa wengi kuliko wanaume katika visiwa hivyo kwa miongo mingi, na sehemu kubwa ya chakula cha nyumbani ilitegemea mikono yao.

Kondoo wa Shetland ni wadogo, na sufu yao ni laini. Zamani haikukatwa kwa mkasi. Ilinyonyolewa kwa mkono wakati inapolegea yenyewe mwanzoni mwa kiangazi. Sufu bora kuliko zote hutoka shingoni. Ilichambuliwa, ikachanwa, ikasokotwa kwa gurudumu. Kazi ya kusokota uzi mwembamba wa shali za kisiwa cha Unst iliweza kula muda mrefu kuliko kufuma shali yenyewe, na matokeo yake yalikuwa kitambaa ambacho hupita chote ndani ya pete ya ndoa. Mwaka 1837 Arthur Anderson, mwana wa Shetland aliyeshiriki kuanzisha kampuni ya meli ya P&O, alimpelekea Malkia Victoria zawadi ya kazi za wafumaji wa kwao. Soko la London likafunguka. Fedha za soko hilo, hata hivyo, ziliishia kwa watu wa katikati.

Picha za mwanzo wa karne ya 20 zinawaonyesha wanawake wakitembea wakiwa na makapu ya mboji kavu ya kuwashia moto mgongoni, huku mikono ikifuma mbele. Kiunoni walivaa mkanda wa ngozi wenye kifuko kilichojazwa manyoya ya farasi na kutobolewa matundu. Sindano moja ilichomekwa humo ikatulia, na mkono mmoja ukawa huru kwenda mbio. Watalii walizipenda picha hizo wakazinunua kama kadi za posta. Mtazamaji wa leo naye huziona za kupendeza. Aliyebeba lile kapu hakuwa akifanya onyesho: alifuma njiani kwa sababu saa za kukaa chini hazikuwapo.

Mfumo wa kulipwa kwa bidhaa ulikuwa na mtego wake. Waswahili husema kukopa harusi, kulipa matanga, na huko matanga yalidumu vizazi. Mwanamke aliyelipwa chai asiyoihitaji ilibidi azunguke kwa majirani kuibadilisha kwa unga au viazi, na kila mzunguko ulimpunguzia thamani. Kodi ya chumba haikulipika kwa kitambaa. Kulikuwa tayari na sheria ya 1831 iliyokataza kulipa wafanyakazi kwa bidhaa, lakini iliorodhesha kazi maalumu na mfumaji wa Shetland hakuwamo. Baada ya ripoti ya Guthrie iliwachukua wabunge miaka mingine 15, hadi 1887, kuipanua sheria iwaguse wafanyakazi wa mikono kwa jumla. Hata hapo desturi haikufa mara moja. Ilijikokota hadi karne ya 20, na kilichoidhoofisha zaidi si mahakama bali ni wateja waliofika wenyewe na fedha mkononi, wakiwamo askari waliowekwa visiwani wakati wa Vita vya Pili vya Dunia.

Katika maisha ya namna hiyo, sweta la nusu lililoachwa kapuni lilikuwa chakula kilichoachwa nje. Hakuna aliyeanza kazi tatu kwa sababu rangi mpya imemvutia. Uzi ulikuja kwa kipimo, ukafumwa hadi mwisho, ukapelekwa.

Hata muundo wa nguo ulitokana na uhaba huo. Sweta za wavuvi wa pwani za Uingereza na Uskoti zilifumwa kwa mzunguko bila mshono, na mikono yake ikaanzia begani kushuka kwenye kiganja. Sababu ni ya kubana matumizi: kiwiko na pindo la mkono huchakaa kwanza, na kitu kilichofumwa hufumuka kuanzia mwisho wake. Mwenye sweta aliufumua mkono kutoka chini hadi penye uzi mzima, akaufuma upya, na kiwiliwili kikaendelea kuvaliwa miaka mingine. Mitindo ya Fair Isle, kisiwa kidogo kusini mwa Shetland, nayo hutumia rangi mbili tu katika kila mstari huku rangi zikibadilishwa mara kwa mara, hivyo hata kipande kifupi cha uzi hupata nafasi. Uzi usiotumika hupita nyuma ya kitambaa na kuongeza joto. Mwaka 1922 Edward, mrithi wa kiti cha ufalme, alivaa sweta la Fair Isle kwenye uwanja wa gofu wa St Andrews, na ghafla vijana wa mjini wakalitaka. Mtindo uliotunza vipande vya uzi ukawa vazi la wenye nacho.

Uhaba ulirudi kwa sura ya kiserikali tarehe 1 Juni 1941. Siku hiyo Uingereza ilitangaza mgao wa nguo: kuponi 66 kwa kila mtu mzima kwa mwaka. Sweta la mwanamke dukani lilikula kuponi 5. Uzi wa kufuma ulihesabiwa kuponi 1 kwa wakia 2, yaani gramu 57 hivi. Mfumaji akapiga hesabu. Sweta jembamba la wakia 8 lingemgharimu kuponi 4, akaokoa 1. Sweta zito la mume la wakia 12 lingemla 6, na hapo hakuna alichookoa zaidi ya kupata kitu kitakachodumu. Ndiyo maana sweta za miaka hiyo ni fupi, zimebana kiunoni, na mikono yake mara nyingi haifiki kiwiko. Wanaoziiga leo kwa ajili ya urembo wanavaa hesabu ya kuponi.

Mwaka uliofuata mgao ulipunguzwa, na 1943 Bodi ya Biashara ikatoa kijitabu cha Make Do and Mend, kilichowafundisha watu kuvaa tena walivyo navyo. Kwa mfumaji somo kuu lilikuwa kufumua. Sweta la zamani lilitatuliwa mishono, likafumuliwa kuanzia juu, na uzi wake ukaviringishwa kwenye mgongo wa kiti kwa kuwa ulitoka umejikunja vibaya. Ulifungwa mahali kadhaa usitatizike, ukaoshwa, ukaanikwa na kitu kizito chini yake hadi mikunjo ilegee. Sehemu zilizochakaa zilitupwa, na zilizobaki zikazaa kitu kidogo zaidi: sweta la baba likawa la mtoto, la mtoto likawa soksi, na masalia yakawa mistari ya rangi rangi. Mitindo ya Fair Isle ilipendwa upya kwa sababu ile ile ya zamani. Uzi wa kutilia viraka haukuhitaji kuponi, na werevu walinunua vifurushi vyake vidogo wakaviunga hadi vikatosha vazi zima. Kwa ajili ya askari uzi ulitolewa bila kuponi kupitia vikundi maalumu, lakini kilichofumwa kilirudi kwa askari.

Mgao wa nguo ulifutwa Machi 1949. Tabia yake ilibaki, na pengine hapa ndipo mahali pa kujifunza kwa yeyote anayehangaika na kabati lililojaa. Katika miaka ya baada ya vita, duka la uzi la mtaani Uingereza lilikuwa na desturi ya kumwekea mteja. Mwanamke alichagua rangi, mwenye duka akatenga madonge yote ya sweta zima kutoka mchovyo mmoja wa rangi, akayaweka kwenye rafu yenye jina la mteja. Mteja alinunua donge moja au mawili kila wiki, kadiri kazi ilivyosonga na mshahara ulivyoruhusu. Yaliyobaki yalirudi kuuzwa. Utaratibu huo ulitatua shida mbili kwa wakati mmoja. Uzi wa mchovyo tofauti huonekana kwenye sweta hata rangi ikiitwa jina lile lile, kwa hiyo asiyewekewa hununua donge la ziada kwa hofu, na hofu hiyo ni mojawapo ya mbegu za akiba zisizoisha. Pia, kabati la mfumaji lilikuwa dukani, si nyumbani kwake. Maduka hayo yalipofungwa moja baada ya jingine, desturi hiyo ikatoweka nayo kwa kiasi kikubwa.

Wakati huo uzi wenyewe ulikuwa umebadilika. Mwaka 1950 kampuni ya DuPont ya Marekani ilianza kuzalisha kwa wingi nyuzi za akriliki kwa jina la Orlon, na kampuni nyingine zikafuata. Akriliki ilikuwa rahisi kwa bei, ikaoshwa kwa mashine bila kusinyaa, na nondo hawakuila. Hilo la mwisho si dogo. Kwa karne nyingi nondo ndiye aliyewazuia watu kulimbikiza sufu. Sasa mlinzi huyo alikosa kazi. Afrika Mashariki inazifahamu nyuzi hizo vizuri: masweta ya shule ya Limuru, Njombe au Lushoto ni akriliki, mengi yamefumwa kwa mashine za kusukuma kwa mkono kwenye vibanda vya masokoni, ambako fundi huagiza uzi kwa rangi za shule za jirani na hana nafasi ya kuweka rangi asiyoagizwa.

Shetland yenyewe iligeuka. Kuanzia katikati ya karne ya 20, mashine za nyumbani zilifuma kiwiliwili na mikono, na wanawake wakabaki kufuma kwa mkono duara la mapambo la mabegani. Kisha mafuta ya Bahari ya Kaskazini yakaanza kufika kituo cha Sullom Voe mwaka 1978. Zikaja ajira za mshahara, na mama aliyekuwa akifuma usiku ili apate hela ya viatu vya watoto akaziweka sindano chini bila majuto. Mara nyingi hadithi hii husimuliwa kwa huzuni, kama mila inayokufa. Ni haki kuikumbuka pia kama siku ambayo wanawake wengi waliacha kazi iliyowalipa vibaya.

Mwaka 2010 halmashauri ya visiwa iliacha kugharimia masomo ya ufumaji katika shule za msingi. Mwaka huo huo ilizaliwa Wiki ya Sufu ya Shetland, inayofanyika mwishoni mwa Septemba na kuingia Oktoba. Wafumaji hufika kwa ndege na meli kutoka Marekani, Ulaya na hata mbali zaidi, wanajifunza kutoka kwa wenyeji, wanawaona kondoo, na wanaondoka na masanduku yaliyovimba uzi. Mitaa ni ile ile ya Lerwick ambako mfumaji alinyimwa uzi kwa shali yake. Sasa wenye maduka huuza uzi kwa watu ambao wengi wao hawana haja nao kabisa, na pande zote mbili zinafurahi. Ni mara chache biashara moja imepinduka kiasi hicho mahali pamoja.

Uchumi mpya wa uzi unategemea sana yule ambaye hawezi kujizuia. Wachovyaji wadogo wa karne hii hutengeneza rangi kwa mikono, kila mchovyo ukitoa kiasi kidogo, na mteja anajua kwamba akichelewa hataipata tena. Mtandao wa Ravelry, ulioanzishwa 2007 na Jessica na Cassidy Forbes, una sehemu ya kuorodhesha uzi ulio nyumbani, kwa uzito na rangi, kana kwamba ni ghala. Ghala hilo limewasaidia baadhi ya watu kujua walicho nacho kabla ya kununua. Wengine limewapa tu raha ya kuhesabu.

Kuhusu yale masweta yaliyokwama, ufundi wenyewe una lawama yake. Kiwiliwili kinafumwa kwa furaha; kisha vinafuata vipande viwili vya mikono vinavyofanana, kuunganisha, kuokota vitanzi vya ukosi na kuficha ncha za uzi. Elizabeth Zimmermann, Mwingereza aliyehamia Marekani, aliishambulia sehemu hiyo moja kwa moja. Katika kitabu chake Knitting Without Tears cha 1971 aliwahimiza watu kufuma kwa mzunguko bila mishono, kama wavuvi wa zamani, na kukokotoa vipimo wenyewe. Njia yake imeokoa masweta mengi, kwa kuwa kinachokatisha tamaa mwishoni kimeondolewa mwanzoni.

Yapo yanayobaki hata baada ya mwenyewe kuondoka. Mwaka 2022 wanawake wawili wa Marekani, Jennifer Simonic na Masey Kaplan, walianzisha Loose Ends, mpango unaopokea kazi za mikono zilizoachwa nusu na watu waliofariki au ambao maradhi yamewanyima uwezo wa kuendelea. Familia hupeleka maombi, na mpango humtafuta fundi wa kujitolea anayeishi karibu na mwenye ujuzi unaofaa. Fundi huyo husoma maandishi ya mwenzake aliyetangulia, hukisia ukubwa wa sindano aliyotumia, hutumia uzi ule ule uliomo kapuni, na hulimaliza sweta. Halipwi, na kazi ikiisha huirudisha kwa familia.